Sahani, Miguu au Vidonge: Presha, Sukari na Kitambi Vikikukuta Pamoja, Uanze na Lipi?

Mama mkubwa wangu alitoka kliniki na karatasi ya vipimo mkononi, na kabla hajafika kwake Langoni alikuwa ameshashauriwa mara tatu. Jirani aliyekaa dakani alimwambia aache wali. Muuza duka akamwambia atembee hadi kijiji cha Shela kila asubuhi. Shoga yake, aliyeishi na presha miaka mingi, akamshika mkono: "Meza vidonge, bibi, hayo mengine ni kujitesa." Jioni akaja kwangu, akaitandaza karatasi juu ya mkeka, akaniuliza, "Haya mwanangu, nishike lipi?"

Sikuwa na jibu la mara moja, kwa sababu wote watatu walisema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Kazi yangu ni ya uhudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023, serikali ilipotugawia mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, nimekuwa nikipita vichochoro vya mji wa Lamu nikipima watu vibarazani na majumbani, na swali la mama mkubwa ndilo ninaloulizwa kuliko jingine lolote. Ushauri umejaa mjini; kinachowashinda watu ni kuchagua.

## Karatasi ilisema nini

Kiuno chake kilikuwa sentimita 104. Presha 148/92. Sukari ya kabla ya kula 6.3. Trigliseridi, yaani mafuta yanayoelea kwenye damu, 2.1. Na HDL, ile kolesteroli tunayoiita nzuri, 1.1. Ukiitazama kila namba peke yake hutashtuka sana. Zikikaa pamoja ndipo zinapopata jina: sindromu ya metaboli.

Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Gerald Reaven, alieleza kwamba mambo haya huandamana kwa sababu yana mzizi mmoja. Mwaka 2009 mashirika makubwa ya moyo na kisukari yakakubaliana juu ya mipaka, na kwamba mwenye tatu kati ya tano anayo. Presha ihesabiwe kuanzia 130 kwa namba ya juu au 85 kwa ya chini. Sukari ya kabla ya kula, kuanzia 5.6. Trigliseridi, kuanzia 1.7. HDL, ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke. Kiuno, mpaka unaotumiwa sana kwa watu wetu ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Anayemeza dawa ya presha au sukari huhesabiwa kuwa na alama hiyo hata kama siku ya kipimo namba yake ilikuwa njema. Kiuno unaweza kukipima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kulivuta tumbo ndani.

Mzizi wenyewe ni insulini. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye seli ili sukari iingie. Mafuta yakijaa ndani ya tumbo, yakazunguka ini na matumbo, seli huwa nzito kufungua. Kongosho huongeza insulini, hodi zinazidi, mlango haufunguki. Huku nyuma ini linageuza ziada kuwa trigliseridi, HDL inashuka, figo zinashika chumvi, presha inapanda, na mishipa inaanza kukakamaa na kuziba. Mwenye hali hii ana hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya asiye nayo, na hatari ya kisukari karibu mara tano. Yote haya hutokea bila kuumwa popote, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko namba zenyewe.

## Mizani ninayotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inagusa namba zipi, na kwa kiasi gani; inachukua muda gani hadi uone tofauti; inagharimu nini, mfukoni na nyumbani; ni nini huivunja hapa kwetu; ina hatari gani; na inamfaa nani. Hilo swali la nne wengi huliruka, nami nalipa uzito, maana nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu ya bamvua, arusi, au boti iliyokosekana.

## Sahani

Inagusa nini. Namba zote tano, na kwa kiuno na trigliseridi mara nyingi ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine mbili. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mlo uitwao DASH: matunda na mboga kwa wingi, jamii ya maharagwe, karanga, samaki, maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wenye presha ya juu walishuka pointi 11 hivi kwenye namba ya juu, na hawakupunguza uzito wala kumeza kidonge. Katika utafiti wa pili uliotolewa 2001 walipunguza na chumvi, na presha ikashuka zaidi.

Sasa tuziache karatasi za Marekani, tuitazame sahani yetu.

Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi. Watu huniambia, "Nimekatazwa mahamri kwa mbaazi," kana kwamba ni chakula kimoja. Mbaazi hazina kosa. Zina nyuzinyuzi, zinayeyuka polepole, sukari yake haipandi kwa kishindo. Kosa liko kwenye hamri: unga mweupe, sukari, kisha mafuta ya karai. Kula mbaazi zako kwa mkate wa mofa wa mtama, au bakiza hamri moja badala ya nne, na umeshafanya kazi kubwa kabla jua halijapanda.

Kisha kuna tui. Najua hapa nagusa pabaya, na mimi mwenyewe nimelelewa na wali wa nazi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mafuta mazito yanayopandisha LDL, kolesteroli inayoganda kwenye mishipa. Hilo halifuti nazi jikoni. Linataka uitofautishe siku na siku: tui jepesi kwa mchuzi wa kila siku, tui zito kwa Ijumaa na mgeni. Wale wanaosema mafuta ya nazi ni dawa ya moyo, wanywe kijiko asubuhi, wanakosea, na ningependa waache kuwaambia wazee wetu hivyo.

Samaki tunaye, na hii ni bahati ambayo mtu wa bara hulipia ghali. Jodari na vibua wana mafuta yanayosaidia kushusha trigliseridi. Wachome au wapike mchuzi. Ukimtumbukiza samaki kwenye mafuta yaliyokaangiwa viazi tangu juzi, faida yake unaitupa karaini. Ng'onda na papa mkavu ni jambo jingine: ni chumvi yenye ladha ya samaki. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni chumvi yote, ikiwemo ya mkate, ya achari na ya vidonge vya kukolezea mchuzi. Mloweke papa usiku kucha, badilisha maji mara mbili, na usimtie chumvi tena chunguni.

Na chai. Mtu wa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekunywa vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Shirika hilohilo linataka mtu mzima asifike hata 50 kwa siku nzima, na likasema 25 ni bora zaidi. Chupa ya soda ya mililita 300 peke yake ina vijiko karibu vinane. Kati ya watu niliowaona wakipunguza tumbo bila taabu kubwa, wengi walianzia kikombeni.

Lipo jambo la sinia ambalo sijaona ushauri wowote wa hospitali ukiligusa. Huwa tunaambiwa tuigawe sahani: nusu mboga, robo samaki au maharagwe, robo wali. Lakini sisi tunakula watu watano sinia moja, na hakuna anayeijua robo yake. Ninachowashauri watu ni kuanza na kachumbari, mchicha au bamia, kisha samaki, na kuugusa wali mwisho, tumbo likiwa limeshapata cha kwanza. Hakuna atakayeona kwamba uko kwenye dayeti, na heshima ya sinia inabaki.

Muda. Presha huanza kushuka ndani ya wiki mbili. Trigliseridi huonyesha tofauti baada ya wiki chache. Kiuno kinataka miezi mitatu ya subira.

Gharama. Kupunguza sukari, soda na mafuta ya kukaangia kunaokoa pesa. Mboga ndizo zinazouma, kwa sababu nyingi huja kutoka bara, Mpeketoni na kwingine, na bei hupanda na safari. Gharama ya nyumbani ni nzito zaidi: anayepika ni nani? Mwanamume anayerudi na karatasi na kumwambia mkewe "nipikie changu mbali" ameongeza chungu cha pili kwenye jiko la mtu aliyechoka. Afadhali chungu kimoja kibadilike kwa wote, hasa kwa kuwa watoto wa nyumba hiyo wamerithi damu ileile.

Kinachoivunja. Arusi za siku nne. Maulidi. Ramadhani, ambapo mtu hufunga saa kumi na tatu kisha akafuturu kwa viazi karai, kaimati, mkate wa sinia na jagi la juisi yenye sukari, akatoka mwezi mtukufu na kilo mbili zaidi. Tende tatu na maji, uji usio na sukari nyingi, sala, kisha chakula cha kawaida: huo ni mpango unaowezekana.

Hatari. Ndogo. Anayemeza dawa za kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kumwambia daktari, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu ndizi, madafu na vyakula vingine vyenye potasiamu nyingi.

Inamfaa nani. Mwenye sauti jikoni, au anayeishi na mwenye sauti hiyo. Mwenye trigliseridi na kiuno vilivyopanda kuliko presha. Mwenye magoti mabovu.

## Miguu

Inagusa nini. Nazo pia hugusa zote tano, ila kwa mgawo tofauti. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya kutembea kwa kasi hushusha namba ya juu kwa pointi kama 5 hadi 8. Kwa sukari, miguu ina siri yake: msuli unaofanya kazi hufungua mlango wake bila kungoja hodi ya insulini, na hali hiyo hudumu siku moja au mbili baada ya matembezi. Mafuta ya ndani ya tumbo hupungua hata pale mizani haisogei. HDL hupanda kidogo, polepole. Kwa kilo, nisikudanganye: kutembea peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia, na wengi hukata tamaa hapo.

Kipimo kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, na siku mbili za kazi ya nguvu za misuli, kama kubeba ndoo au kusimama na kuketi mara nyingi bila kushika kiti. Kutoka mjini hadi Shela ni kilomita kama 3, dakika 40 hivi. Ukienda kwa miguu siku nne na kurudi kwa boti, umeshavuka 150.

Tunajidanganya sana kwamba mji wetu hauna magari, kwa hiyo sisi ni watembezi. Nenda ukae kwenye uwanja wa Mkunguni baada ya alasiri, uhesabu waliokaa. Kutembea kwa kuburuta kandambili kutoka baraza hii hadi ile hakuupi moyo kazi, na pikipiki zimeongezeka.

Muda. Sukari huitikia siku hiyohiyo. Dakika 10 au 15 za kutembea baada ya chakula cha jioni hupunguza ile sukari inayoruka baada ya kula, na hapa mjini hilo ni jepesi: chagua msikiti wa mbali kwa Isha, na kila hatua ina thawabu yake. Presha hutaka wiki kadhaa. Ukiacha siku tatu nne, faida ya sukari imekwisha.

Gharama. Viatu vyenye soli. Kwa mwanamke gharama nyingine ni macho ya watu. Kina mama wengi hawapendi kuonekana wakienda kasi na mabuibui yao pwani, na sitawalaumu. Baadhi yao hutoka wanne watano baada ya Alfajiri, wakati vichochoro ni vitupu. Wengine hutumia ngazi: nyumba za mawe za Lamu zina ngazi kali hadi darini, na kupanda na kushuka kwa dakika kumi, mara tatu kwa siku, ni mazoezi halali kabisa.

Kinachoivunja. Joto la kaskazi, mvua za masika, na maji. Wakati wa bamvua maji yakijaa, njia ya ufuoni ya kwenda Shela hufinyika, kwa hiyo anayetembea kwa saa ya ukutani atakwama. Atembee kwa kufuata maji.

Hatari. Ukihisi kifua kubana, pumzi kukatika kuliko kawaida au kizunguzungu, simama, na usiendelee siku nyingine kabla hujaonwa. Mwenye kisukari cha muda mrefu akague nyayo kila jioni, kwani mguu uliokufa ganzi haulijui jiwe. Na ambaye presha yake iko 180 asianze mazoezi makali kabla haijashushwa.

Inamfaa nani. Asiye na amri juu ya chungu: nahodha, mvuvi anayelala baharini, kijana wa kupanga chumba anayekula hotelini. Mwenye sukari ya 5.6 hadi 6.9 ambayo haijawa kisukari. Mwenye kukaa kutwa nzima.

## Vidonge

Inagusa nini. Hapa lazima ieleweke vizuri: hakuna kidonge kimoja cha sindromu nzima. Kila alama ina chake. Amlodipine, losartan, enalapril na hydrochlorothiazide ni za presha. Metformin ni ya sukari. Atorvastatin hushusha LDL na kwa kiasi fulani trigliseridi. Kiuno hakimo. Ziko siku hizi sindano kama semaglutide zinazopunguza uzito kwa kiasi kikubwa, lakini kwa wengi wetu bei yake haifikiki.

Kwa upande wa kiharusi, hata hivyo, vidonge vya presha vina ushahidi mzito kuliko chochote nilichotaja hadi sasa. Mwaka 2016 watafiti walijumlisha majaribio mengi yenye watu zaidi ya laki sita: kila pointi 10 za namba ya juu zilizoshushwa kwa dawa zilipunguza viharusi kwa asilimia 27 na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka dawa zianze presha inapothibitika kuwa 140/90 au zaidi.

Muda. Siku chache, na nguvu kamili ndani ya wiki mbili hadi nne kwa presha. Wiki sita hivi kwa kolesteroli. Kwa namba hizo mbili, hakuna njia nyingine inayokimbia hivi.

Gharama. Vidonge vya kawaida vya presha na metformin si ghali kwa kimoja kimoja, ila ni vya kila siku, mwaka baada ya mwaka. Bima ya NHIF iliondoka Oktoba 2024 na mahali pake ipo SHA. Wako wazee wengi ninaowakuta bado hawajajisajili, na ningependa mtoto wa nyumba alifanye hilo wiki hii. Wakati mwingine kituo hukosa dawa. Usiondoke hadi umejua jina la dawa yako na miligramu zake, ili uweze kuitafuta kwingine.

Kinachoivunja. Kujisikia vizuri. Ami yangu alimeza vidonge miezi sita, presha ikatulia, akasema amepona. Presha ilikuwa imetulia kwa sababu ya vidonge. Mwaka uliofuata mkono wake wa kulia ulikufa akiwa anatia udhu. Nalieleza hili kila nyumba ninayoingia, na bado linaniuma.

Kinachofuata ni bahari: anayechukua dawa mjini akaishi Pate hukwama kusi likichafuka, hivyo aombe za miezi miwili au mitatu. Kisha Ramadhani, ambapo dozi huhamishiwa futari na daku; wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, mwulize daktari akupangie, usijipangie. Na mwisho habbat soda, mlonge na siki. Sina ugomvi navyo kama chakula. Ugomvi wangu unaanza vinapochukua nafasi ya kidonge.

Hatari. Amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalapril huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na mara chache uvimbe wa midomo na ulimi ambao ni dharura. Metformin husumbua tumbo wiki za mwanzo, na hupungua ikimezwa na chakula. Atorvastatin huweza kuumiza misuli. Dawa za presha za kukojoza, kama hydrochlorothiazide, na zile za jamii ya atenolol zinaweza kupandisha sukari kidogo, kwa hiyo mwenye sindromu hii anayo haki ya kuuliza kwa nini amepewa hiyo na si nyingine. Enalapril, losartan na atorvastatin si za mjamzito wala anayetafuta mimba. Karibu kila tatizo hapa lina dawa mbadala. Rudi useme, usiache kimyakimya.

Inamfaa nani. Mwenye presha ya 140/90 kwenda juu siku zaidi ya moja. Mwenye sukari ya kabla ya kula iliyofika 7.0 na kuthibitishwa. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo.

## Njia zikikutana

Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa na sukari ya juu isiyokuwa kisukari bado. Kundi moja lilipewa sahani na miguu kwa pamoja: wapunguze asilimia 7 ya uzito, watembee dakika 150 kwa wiki. Kundi la pili lilipewa metformin. Baada ya karibu miaka mitatu, kulinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, la kwanza lilikuwa limepunguza visa vya kisukari kwa asilimia 58, la pili kwa 31. Watu huusoma utafiti huu kama hukumu dhidi ya vidonge. Mimi nausoma kwa tahadhari: ulipima sukari kwa watu ambao hawajaugua, na wale wa kundi la kwanza walikuwa na mwalimu wa kuwafuatilia mara kwa mara. Mwenye presha ya 165 asiutumie kuahirisha dawa.

## Kwa hali yako

Presha yako imepimwa siku mbili tofauti, umekaa umetulia, ikawa 140/90 au zaidi: kidonge na sahani vianze wiki hiyohiyo, miguu ifuate. Hapa ndipo alipokuwa mama mkubwa. Alianza kidonge kimoja cha presha, akashusha sukari ya chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na tui zito akaliachia Ijumaa. Kutembea kulichelewa kwa sababu ya goti. Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 128/80 na kiuno 100. HDL haikusogea. Daktari alimwachia dozi ileile, naye mwenyewe ameanza kupanda ngazi za darini.

Presha iko chini ya 140 lakini sukari ni kati ya 5.6 na 6.9, na tumbo limetangulia: jipe miezi mitatu ya sahani na miguu kwa bidii ya kweli, kisha rudi upime. Ikiwa namba hazijasogea, zungumza na daktari kuhusu metformin bila kuona haya.

Trigliseridi ndiyo iliyopanda zaidi: anza na kikombe, soda, hamri na unga mweupe kabla ya yote. Ikifika 5.6 au zaidi, hiyo ni ya daktari haraka, kwa sababu ya kongosho.

Una kilo nyingi na magoti yanauma: sahani kwanza. Kwa mwendo, ingia baharini maji yanapopwa, yakufike kiunoni, utembee humo. Maji hubeba uzito wako.

Hupiki na huna wa kumwamuru: miguu kwanza, na hotelini agiza mbaazi, samaki wa kuchoma na maji.

Unavuta sigara au unatafuna miraa: lolote utakalochagua kati ya matatu litavuja. Sigara hushusha HDL na kuharibu kuta za mishipa; miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo. Hilo liende sambamba na njia yako ya kwanza.

U mjamzito na presha imepanda: njia hizi tatu si zako za kuchagua peke yako. Nenda kliniki leo.

Umeshapata kiharusi, hata kile kidogo kilichoondoka baada ya saa moja: vidonge ni vya lazima, na hivyo viwili vingine ni nyongeza yake.

Na kama unaishi Faza, Kizingitini au Kiunga, uko mbali na hospitali kubwa kwa safari ya maji, lipo jambo la kufanya hata kabla hujachagua. Kiharusi hujionyesha uso ukishuka upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikwama. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa, na bahari hula saa hizo. Kaeni kama familia muamue sasa ni nani mwenye boti ya mashine atakayegongewa mlango usiku, na namba yake muiandike ukutani, mahali ambapo hata mtoto ataiona.